Msichana wa Kwenye Simu

Mwanamke mmoja alikuwa na mashine ya kusaga nafaka huko milimani Rungwe, na binti wa darasa la saba aliyeitwa Sekela. Jioni moja Sekela alimpa simu yake akasema, "Mama, soma." Mtu wasiyemjua, aliyejiita Anko Zawadi, alikuwa akimsifia binti sura, akimwomba picha, akimsisitiza asimwambie mzazi. Mama Sekela alisoma mpaka mwisho. Akamshukuru mwanawe, akaizima ile simu, akaifungia kabatini chini ya vitenge. Hakutaka jina la mwanawe litajwe kwenye foleni ya mashine, ambako habari husagwa kabla ya mahindi. Lakini alitaka yule mtu akamatwe, maana watoto wa wenzake nao wana simu.

Basi akamwita wifi yake Lugano, na kwenye simu ya Lugano wakaumba msichana wa kumnasa yule mtu. Wakampa jina la Neema na umri wa miaka kumi na tatu. Lugano alitaka kumpa na sura, akachagua picha ya mtoto wa jirani aliyevaa sare. Mama Sekela akakataa. Hawezi kumkinga wake kwa kumwanika wa mwenzake. Neema akapewa picha ya ua.

Kazi ikawa kumfanya Anko aongee. Mama Sekela aliandika kwanza: "Shikamoo anko. Habari za huko? Mmeshakula?" Anko akajibu, "Wewe ni mwalimu?" kisha kimya. Lugano alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la pumba.

"Wifi, huyo umemwamkia kama baba mkwe. Lete hapa."

Akaandika yeye. Neema akawa mpweke, akawa anataka zawadi, akauliza anko atakuja lini, akamwelekeza nyuma ya mashine. Anko akasema atakuja Jumamosi.

Wakaenda kituo cha polisi wakitembea kama watu waliokwisha kushinda. Kwenye dawati la jinsia walimkuta Koplo Atupele, ambaye dona lake husagwa kwao. Akasoma polepole. Alipofika kwenye "mmeshakula" aliuma mdomo asicheke. Akarudia kusoma kuanzia juu, na safari hii hapakuwa na cha kuchekesha.

"Mama Sekela, hapa nani anamwita nani?"

Wakatazamana. Kila neno la kuita lilikuwa lao. Koplo akawauliza, mteja akileta mahindi yake, nao wakayachanganya na ya kwao, baadaye watajuaje ya mteja yalikuwa kiasi gani? Hakimu naye atauliza hivyohivyo. Lugano akasema basi aachwe aje hiyo Jumamosi, vijana wa kubeba magunia watamalizana naye.

"Na akitangulia mpita njia kuomba maji ya kunywa, si mtampiga yeye?" akauliza Koplo.

Ndipo Mama Sekela alipolikumbuka kabati. Akarudi nyumbani, akamweleza binti yake kwamba ile simu ikitoka, jina lake litatoka nayo mpaka kituoni. Sekela alikuwa akipepeta mchele. Hata uso hakuinua.

"Sasa mama, kwani mimi nimekosa nini?"

Mama akachukua ufunguo. Akafungua kabati.

Koplo aliisoma simu ya Sekela kwa utulivu. Aliyeanza ni yule mtu. Aliyeomba ni yeye, aliyesema iwe siri ni yeye, na mtoto hakuandika lolote ila "Wewe nani?" Akawatazama wale mawifi wawili. "Mlikuwa na hii muda wote?" Kuanzia hapo kazi wakaichukua polisi wenyewe, na Anko Zawadi akakamatwa kwa maneno yake, hakuna la kuazima hata moja. Kesi ilisikilizwa faragha. Foleni ya mashine iliendelea kusaga habari za watu wengine. Neema akafutwa, na Lugano akasema angalau wangemchemshia chai ya msiba, mtoto wa watu alikuwa na adabu, anaamkia.

Sasa ninyi wenye mabinti, niambieni: yule mama alipomfungia msichana wa kweli kabatini, akamtuma wa uongo barabarani, alikuwa akimlinda mtoto, au akimwonea haya?