Kanga na Maneno ya Mchangani

Hii nilipewa na bibi yangu Mwanasiti, tukimenya mihogo. Haya, Paukwa!

Pakawa!

Basi zamani hizo jua liliwaka, mito ikakauka. Likabaki dimbwi moja tu. Tembo akajitia humo, kutwa kucha. Hanywi mtu.

Ngiri akaenda mbio. La kwanza lililomjia mdomoni akalitoa: "We mnene, toka majini!"

Tembo akapiga maji kwa mkonga, pwaa! "Sitoki! Namsikiliza mmoja tu tena, na mara moja tu. Akinikera, basi."

Nani aende? Akasimama Kanga, ndege yule wa madoadoa. Ana vifaranga wanne, ndimi zimewakauka.

Lakini hakukurupuka. Akayachakura maneno yake mchangani, chaku-chaku-chaku. Akamwita shoga yake Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, asikilize.

"Bwana Tembo, una roho mbaya..."

"Ningekuwa Tembo ningekukanyaga," Pimbi akasema.

Kanga akanuna. Akafuta kwa bawa, fyuu! Chaku-chaku-chaku. "Bwana Tembo mkubwa, mwenye masikio mapana, mwana wa mkubwa, mjukuu wa mkubwa..."

Pimbi akapiga miayo. "Shoga, nimeshalala mie. Unataka nini hasa?"

"Maji!"

"Kutwa nzima?"

Kanga hilo hakujiuliza. Akafuta, fyuu! Akachakura. Akafuta tena, fyuu! Mguu ukamuuma.

"Mama, nenda tu!" vifaranga wakalia.

"Bado kidogo, wanangu."

Mwisho akaenda dimbwini. "Bwana Tembo, wanangu wanne wana kiu. Tuachie maji asubuhi tu. Mchana na jioni kaa wewe."

Tembo akatikisa masikio, pa! pa!

"Asubuhi tu?"

"Asubuhi tu, bwana."

"Ah! Mie linaloniunguza ni jua la mchana. Mbona Ngiri hakusema hivyo? Njooni mnywe."

Weee! Wakanywa, gubu-gubu-gubu! Hata Ngiri akanywa, kichwa chini. Kanga akaketi, puu! Akashusha pumzi ndefu. Wanawe wamepona.

Mmesikia? Mie kusoma sijui. Lakini nyie wa shule, mwalimu akikurudishia insha, usinune. Ulichoandika kwanza ni mwanzo tu. Msomee mwenzio, futa, andika tena, mpaka unachotaka kionekane.

Ngano yangu naifunga hapa. Haya, mkalale. Na wewe Shekue, ukojoe kwanza.