Mkono Waliokuwa Wakiubusu

Paukwa!

Pakawa!

Midomo mmefunga?

Tumefunga, bibi!

Mmefunga huku mnapiga kelele! Haya, sikilizeni.

Hapo kale palikuwa na kisiwa kidogo karibu na pwani. Maji yakijaa, kinakatika. Maji yakipwa, watu wanavuka kwa miguu kwenda kuzuru kaburi la Sharifu mmoja, mcha Mungu.

Desturi yao ilikuwa hii: ukifika mbele ya mlinzi wa kaburi, macho chini. Unambusu mkono, unatoa sadaka, usoni humtazami. Ndiyo adabu, walisema.

Basi, Mwanasha alikaa na mumewe miaka na miaka bila mtoto. Akaweka nadhiri: "Nikipata mtoto, nitampeleka kwa Sharifu akaombewe."

Mungu si Athumani. Akampata Bwanaheri.

Siku moja maji yalipopwa, akambeba mwanawe na sahani ya halua, akavuka.

"Hodi!"

"Karibu, mama," sauti ikajibu. "Karibu na ulichobeba."

Macho chini. Akabusu mkono. Akatoa halua.

"Sasa nipe mtoto nimwombee."

Akampa! Kwa mikono yake mwenyewe, jamani!

Mlinzi akageuka upande wa kaburi, akaanza dua. Mtoto akaangua kilio. Mwanasha akasikia jambo la ajabu: mlinzi anaomba, na huku kitu kinatafuna. Anaomba, na kinatafuna. Anaomba, na kinatafuna.

Akainua macho. Lahaula! Kilemba kimesogea, na kisogoni pana mdomo wa pili, umejaa halua!

"Halua tumeichoka," mdomo ule ukanong'ona.

Zimwi, watoto! Zimwi ndani ya kanzu!

Mwanasha apige kelele, nani atamsikia? Amnyang'anye, ataweza wapi? Akawaza: hili linajifanya mtu wa dini. Basi akaita kwa nguvu, "Al-Fatiha!"

Nyinyi mkisikia hivyo mnafanyaje? Mnainua mikono, sivyo? Nalo likaogopa kujulikana. Likamlaza mtoto mkekani, likainua mikono, likafumba macho, likachezesha midomo yote miwili.

Mwanasha akamnyakua mwanawe, mbio!

"Rudi, mama!" zimwi likaita. Maji yalikuwa yameanza kujaa, yakamfika magotini.

"Rudi, mama!" Yakamfika kiunoni.

"Rudi, mama!" Yakamfika kifuani, na mtoto yuko kichwani. Lakini zimwi halivuki maji ya chumvi. Likabaki kule likilia kwa midomo miwili.

Watu wakamvuta hadi nchi kavu. Akawaambia, "Mlinzi yule ni zimwi, ana mdomo kisogoni!" Hapo hapo akatokea mzee juu ya punda.

"Mimi ni Shekuwe, mlinzi wa kaburi," akasema. "Nimekuja kuwataka radhi, wanangu. Tangu mwaka jana naumwa, niko kwa binti yangu mjini. Najua mmekuwa mkikuta mlango umefungwa."

Watu wakatazamana. Mmoja akajipangusa midomo. Wa pili akatema mate. Wa tatu akaenda pembeni akatapika. Mwaka mzima, kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, wamebusu mkono wa zimwi, wala hakuna aliyethubutu kulitazama usoni.

Ngano yangu naitua hapa, anayeitaka aibebe. Adabu ni njema, wajukuu zangu, lakini mwanao usimpe mtu ambaye hujamwona uso.