Magoti ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama waliolala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Hapo zamani za kale Ngiri alikula amesimama. Ndiyo, amesimama, shingo chini, miguu minne wima, kama mbuzi, kama paa, kama mnyama yeyote aliyeumbwa na Mungu. Msicheke. Hii si ya kucheka.

Mwaka mmoja wanyama walikubaliana wawe na ghala la dawa. Ugonjwa haupigi hodi, walisema, tuweke akiba ya wote. Dawa yenyewe ilikuwa mizizi, na mizizi iko chini ya ardhi. Nani wa kuchimba? Ngiri. Akachimba, chaku chaku chaku, pua kwenye udongo, meno kwenye mawe. Akachimba masika, akachimba kiangazi, ghala likajaa pomoni. Tembo akafanywa mkubwa wa ghala, kwa kuwa ana mwili. Fisi akawekwa mlangoni, kwa kuwa... aa, nyinyi wenyewe mnajua Fisi huwekwaje mlangoni.

Basi ugonjwa wa tumbo ukaingia. Ngiri alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mashavu. Mashavu akaharisha, akatapika, macho yakazama ndani, akawa mwepesi kama ganda la karanga. Ngiri akamlaza shimoni mwao, akakimbia ghalani, akamwambia Fisi mtoto yu hoi, naomba mzizi mmoja.

Fisi akamtazama toka kwato hadi masikio. "Wakubwa huingia wamesimama," akasema. "Mwenye shida hupiga magoti."

Ngiri akadhani anataniwa. Akamkumbusha kwamba mizizi ile yote kaichimba yeye. Fisi akamjibu kuwa kuchimba ni kuchimba na kuomba ni kuomba. Ngiri akaona haya, akaona uchungu, akageuka akarudi kwake bila kitu. Heshima nzima, mtoto nusu mfu.

Kulipokucha Mashavu hakuweza hata kulia. Sasa utafanyaje? Hebu niambieni, nyinyi mngefanyaje? Ngiri akambeba mgongoni, akarudi ghalani, akapiga magoti. Pu! Fisi akasema, mtoto naye apige. Pu! Vijigoti vile kwenye changarawe.

Wakangoja. Akaja Twiga, koo linamwasha kidogo, akaingia wima, akatoka anatafuna. Akaja Nyati, haumwi popote, anachukua ya kuweka nyumbani. Akaingia wima, akatoka. Jua likapanda. Magoti ya Ngiri yakachubuka, yakatoka damu, damu ikakauka, naye yuko pale pale. Tembo mwenyewe akapita. Hakutukana mtu, hakuuliza kitu. Aliwaruka tu, kama unavyoruka kisiki.

Jua likielekea kuzama, Fisi akatupa mzizi mmoja mchangani. Akawataka wauokote kwa mdomo, halafu waseme asante, na waseme kwa sauti. Wakauokota. Wakasema asante. Fisi akacheka, kwi kwi kwi.

Mashavu akapona. Alipona, nisiwadanganye; dawa ilikuwa dawa. Mvua ikanyesha, nyasi zikaota, Ngiri akampeleka mwanawe malishoni, moyo mweupe. Mashavu akaziona nyasi. Akapiga magoti, pu, akaanza kula.

Ngiri akashtuka. "Inuka, mwanangu. Hapa hakuna mlango wala hakuna Fisi. Nyasi ni za Mungu."

Mashavu akainua uso, nyasi mdomoni. "Mama, kwani ukisimama wanakupa?"

Ngiri akamsogelea. Akamwinua, mtoto akarudi chini. Akamwinua tena, akarudi chini tena. Mwisho akainama yeye, amwonyeshe mama anavyokula. Kumbe naye yuko chini, magoti yenye sugu yamejikunja yenyewe. Akalia huku anatafuna.

Jambo moja tu alifaulu kumfundisha. Alimwambia, mwanangu, tukikimbia, mkia juu. Ndiyo maana hadi leo ngiri hukimbia mkia wima, aone nani atamshusha. Lakini akifika penye nyasi hupiga magoti, hata pale pasipo na mtu wa kumtazama.

Na funzo lake ni hili, wakubwa kwa watoto. Dawa ya mgonjwa ni haki yake, si hisani yako. Ukimpa huku umempigisha magoti, tumbo umeliponya, utu umeuvunja, na mtoto wake huurithi ukiwa umevunjika hivyo hivyo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka kuniambia asante, aniambie amesimama.