Nusu Farasi Asiyekula

"Nusu farasi asiyekula hushinda wanane wenye njaa." Mnacheka? Chekeni tu. Methali hii ilianza hivi, na waliokuwapo hawakucheka.

Kijiji kimoja cha Ugogo kilikuwa na kinu cha upepo juu ya kisima kirefu kisichofikiwa na kamba. Kilizunguka kutwa kucha, maji yakidondoka polepole kwenye birika la mifugo. Ndahani alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, Manjano. Maziwa hayo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake, aliyefiwa na mama angali mchanga. Foleni ya birikani ilimchosha mno. Basi fundi wa injini alipoitisha mkutano, Ndahani akawahi kukaa mbele.

"Injini hii ina nguvu za farasi wanane," akasema fundi. "Kinu chenu, upepo ukiwa mzuri, ni nusu farasi."

"Nusu farasi!" Ndahani akadakia. "Nusu ipi, ya kichwa au ya mkia?"

Watu wakaangua kicheko. Mkewe, Mbeleje, akainuka. "Na hao wanane wanakula nini?"

"Kaa chini, mama. Hao ni farasi wa chuma," fundi akamjibu.

Jamani, wafugaji hao! Watu wasiopokea hata mbuzi wa mahari bila kuuliza malisho, leo wanaletewa farasi wanane na hawaulizi.

Kinu kikang'olewa, mabati yake yakaezekea banda la injini. Mwanzoni maji yalifoka, raha mustarehe. Kisha kikaja kiangazi kikali, na dizeli ikaadimika hata mjini. Injini ikanyamaza. Ng'ombe wakawa wanalamba saruji ya birika.

Manjano akaanguka papo hapo birikani. Ndahani akamvuta mkia, akamsukuma bega, wapi! Upepo nao ulikuwa ukivuma vizuri kabisa, mabati ya banda yakigongana.

"Farasi wako wamelala," akasema Mbeleje, mtoto akilia mgongoni.

"Wana njaa."

"Na yule wa nusu?"

Ndahani akalitazama lile paa. "Yule hakuwahi kuniomba chakula."

Bila maziwa ya Manjano, mtoto hakukimaliza kiangazi kile. Watu walipokuja kumpa pole, Ndahani hakuitikia pole ya mtu. Kila aliyemshika mkono, yeye alimjibu neno lile lile, mpaka wakalizoea, mpaka likatufikia sisi tunaolicheka: nusu farasi asiyekula hushinda wanane wenye njaa.