Mkia Mrefu wa Baiskeli za Kwetu

"Fundi, mwambie huyo mkwe wangu nitakwenda kwa miguu," alisema Mama Minza, ameugeukia ukuta wa karakana.

"Fundi, mwambie mama, kwa miguu atamkuta mjukuu ameshaota meno," alijibu Lubinza, naye ameigeukia barabara.

Fundi Shigela, aliyesimama kati yao, hakupeleka ujumbe wowote. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa.

Hayo yalitokea zamani, baiskeli zilipokuwa bado na mkia mfupi. Enzi hizo mwanamume hakuthubutu kumgusa mama mkwe wake, wala kumtazama usoni, wala kusema naye ila kupitia mtu mwingine. Sasa Minza, binti wa mama huyo na mke wa Lubinza, alikuwa ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza katika zahanati ya ng'ambo ya mbuga, na alikuwa akimlilia mama yake.

Baiskeli nzima siku hiyo ilikuwa moja tu, ya Lubinza. Ilikuwa nyekundu na nyepesi, imetengenezwa Marekani kwa mashindano, ikaja na meli ya mitumba. Ilikimbia kama swala! Lakini keria yake ilikuwa fupi mno, na aliyepanda nyuma alilazimika kumkumbatia mwendeshaji kiunoni. Mama mkwe amkumbatie mkwe wake? Haiwezekani.

Shigela akachukua msumeno. Alisema ataikata fremu nyuma ya kiti, aongeze mabomba, gurudumu la nyuma lisogee mbali. Lubinza akairukia baiskeli yake na kuikinga kwa mwili. Alilalamika kwamba itafanana na mjusi, na kijiji kizima kitamcheka.

Mama Minza, bila kugeuka, akasema polepole kwamba yeye hakuja kuomba baiskeli. Alikuwa anaitwa na mwanawe.

Lubinza akajiondoa juu ya baiskeli. Kisha akaishika fremu kwa mikono yote miwili ili isitikisike.

"Kata," alisema.

Cheche ziliruka! Mabomba ya kitanda kibovu yakachomelewa, minyororo miwili ikaunganishwa ikawa mmoja, na keria ikawa ndefu kama benchi. Mama akakaa mwisho kabisa, akashika chuma chake mwenyewe, na katikati yao ikabaki nafasi ya kutosha gunia. Wakaondoka, vumbi likiwafuata nyuma. Na ajabu, mjusi yule hakuyumba hata kwenye makorongo! Waliotoka nje kucheka walibaki wakiuliza nani ameitengeneza.

Na tangu siku hiyo baiskeli zetu zina mkia mrefu, zinabeba magunia, wagonjwa na maharusi. Nafasi ya katikati haikaliwi na mtu mzima. Hata mimi niliikalia nilipokuwa mdogo, baba mbele, bibi mzaa mama nyuma, na sikujua sababu mpaka nilipohadithiwa yaliyotokea jioni ya siku ile kule zahanati.

Lubinza alikuwa amebaki nje ya zahanati, ameegemea baiskeli yake. Mama Minza akatokea na kitu kidogo ndani ya kanga. Akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza, akamwambia palepale mlangoni, bila kumtuma mtu:

"Mkwe, ni msichana. Ile nafasi ya katikati imepata mwenyewe."