Nungunungu na Wapangaji wa Shimo la Mhanga

Zama zile wanyama wakiuziana na kupangishana mashimo, ulikuja mwaka ambao mvua iligoma kabisa. Mto ukabaki mchanga mtupu, majani yakakauka, na kila mwenye akili akaanza kuwaza atakula nini kesho.

Nungunungu alikuwa mjane aliyejua kuweka akiba. Alikuwa na viazi vikuu ghalani, lakini aliona wazi kwamba akiba isiyoongezwa huisha. Basi Mhanga, yule fundi wa kuchimba, alipotangaza kuuza shimo lake la vyumba vitatu ili ahamie kwenye mchwa wengi, Nungunungu akalinunua kwa viazi vyake karibu vyote. Chumba kimoja angelala mwenyewe. Viwili vilikuwa na wapangaji tayari, Fisi na Sungura, ambao kila mwezi ukiandama wangemletea kodi ya chakula. Mhanga alimhakikishia kwamba wapangaji wale ni watulivu, hawana kelele. Hilo lilikuwa kweli. Ambalo hakulisema ni kwamba hawakuwahi kulipa kodi tangu waingie.

Mwezi ulipoandama, Nungunungu akapiga hodi kwa Fisi. Fisi alikuwa akitafuna paja la nyama kavu. Akalikalia upesi, akasema kwa huzuni kwamba amefiwa na mama yake. Nungunungu akampa pole, na kwa huruma akamwachia kiazi. Mwezi uliofuata Fisi akafiwa na mama tena.

Sungura yeye hakufiwa na mtu. Alimkaribisha mama mwenye nyumba vizuri, akaisifu miiba yake, akamsimulia habari za karanga zake zilizo njiani, hata Nungunungu akajikuta nje anacheka, mikono mitupu. Kicheko kilimkatikia alipofungua ghala. Kilikuwa kimebaki kiazi kimoja.

Akaamua kwenda kushtaki kwa Simba. Habari zikawafikia wapangaji, na Sungura akamwita Fisi pembeni.

"Usiseme huna," akamwambia. "Sema nyumba ni yako. Umesikia wapi mwenye nyumba akadaiwa kodi?"

Fisi akaona hayo ni maneno ya hekima.

Siku ya baraza Simba alikaa juu ya jiwe, akazungumza kwanza kwa kirefu juu ya ukoo wake mtukufu. Kisha akatangaza kwamba kisima kitachimbwa, na kila mwenye nyumba atawalisha wachimbaji mpaka maji yaonekane. Ndipo akasikiliza kesi. Fisi akaapa kwamba shimo lile ni lake, aliachiwa na babu yake, na Sungura ni mgeni wake tu. Mhanga alikuwa amekwenda mbali, na shahidi mwingine hakuwapo.

Nungunungu alihisi miiba ikimsimama mgongoni kwa hasira. Alitaka kulia. Lakini akamtazama Fisi vizuri, akamkumbuka alivyolikalia lile paja mbele ya mtu aliyempa pole, na miiba ikalala yenyewe.

"Mfalme," akasema kwa upole, "kama Bwana Fisi ameapa, mimi sibishani naye. Nyumba na iwe yake. Ila nilikuwa najiandaa kuwalisha wachimbaji kwa niaba ya nyumba ile. Sasa atawalisha nani, kama si yeye na nyama yake kavu?"

Simba akamgeukia Fisi. "Nyama yako utaileta lini?"

Fisi akamtafuta Sungura kwa macho, naye Sungura alikuwa anaangalia mawingu ambayo hayakuwapo.

"Kiasi gani, Mfalme?"

"Yote uliyo nayo. Nyumba yako ni kubwa."

Fisi akakunja mkia. "Nilijieleza vibaya, Mfalme. Mimi ni mpangaji tu."

"Mpangaji wa nani?"

"Wa huyu mama."

Baraza zima likaangua kicheko. Simba hakukasirika, alifurahishwa mno na jinsi alivyouliza maswali yake, akawaambia wote wajionee mfalme wao anavyomnasa mwongo. Akaamuru nyama ya Fisi iwalishe wachimbaji kwa jina la Nungunungu, na Fisi mwenyewe achimbe pamoja nao, kisha akatafute makao kwingine.

Kabla jina lake halijatajwa, Sungura alikwisha kukimbilia nyumbani. Alirudi na kikapu cha karanga, akahema, akasema zimefika sasa hivi. Akaanza na kuisifu miiba. Nungunungu akapokea kikapu, akamwomba azitunze sifa hizo mpaka mwezi ujao, azilete pamoja na kodi.

Maji yalipatikana. Fisi alitoka kisimani tope mpaka masikioni, akaenda zake bila kuaga, na Nungunungu akampangisha Kanga chumba kile. Wahenga hawakukosea waliponena: njia ya mwongo ni fupi.