Nakunda na Nakundwa

Wapendwa, mlima uliporomokea kijiji kimoja asubuhi ya siku ya soko. Walionusurika wakatawanyika, huyu shuleni, huyu zahanati, huyu kanisani. Kila mahali, mwenye kalamu aliandika majina kama alivyoyasikia. Mmoja kaandika Elieza, mwingine Eliezeri, mwingine Eliaza, na mtu ni yule yule.

Karani wa kata, kijana aitwaye Mbazi, akapewa kazi ya kuyaweka majina hayo sawa. Alikuwa na orodha ya kijiji iliyopangwa nyumba kwa nyumba, na kompyuta iliyoweza kutafuta majina yanayofanana hata kama herufi zimekosewa. Jina la shuleni likifanana na la kwenye orodha, analirudisha kwenye nyumba yake na kuandika: amepatikana. Nyumba ambayo watu wake wote wamepatikana, wachimbaji waliiruka. Wangefanyaje? Majembe yalikuwa machache na matope ni mlima mzima.

Msimdharau Mbazi. Kwa kazi yake watoto wengi walirudi mikononi mwa wazazi wao. Mwanzoni kila jina lililofanana alilihakiki kwa simu. Lakini watu walizidi kumlilia mlangoni, akachoka, akaiamuru kompyuta: majina yakikaribiana kiasi hiki, hesabu ni mtu mmoja.

Basi akaja mama mmoja, matope hadi magotini.

"Baba, namtafuta binti yangu. Nakunda Eliasi."

Mbazi akatazama, uso ukamng'aa. "Mama, mshukuru Mungu! Yuko shule ya ng'ambo ya mto."

"Umemwona?"

"Jina lake hili hapa, mama."

Mama akaondoka mbio. Daraja lilikuwa limekatika, akazunguka kwa njia ya juu, akafika jioni. Walimu wakamwita msichana. Msichana akaja anakimbia, kisha akasimama ghafla. Mama naye akasimama.

"Wewe ni nani, mwanangu?"

"Nakundwa Elisa," akasema yule mtoto, akaanza kulia. "Waliniambia mama yangu amekuja."

Mnaelewa kilichotokea? Kompyuta iliona jina moja lililokosewa. Kumbe walikuwa mabinti wawili, na huyu wa shuleni alikuwa mgeni wa siku ya soko, hayumo kwenye orodha ya kijiji.

Mama aliporudi, wachimbaji walikwenda kwenye nyumba yake. Wakamkuta Nakunda chini ya meza ya jikoni. Hakuwa na jeraha hata moja, ila pumzi haikuwamo. Jirani mmoja akaketi chini palepale, akasema, "Tulisikia anagonga. Tuliwaita. Mkatuambia hapa watu wote wamepatikana. Tukadhani ni mabati tu yanayogongana."

Mbazi, aliyekuwa amewafuata, akapiga magoti. "Mama, majina yalifanana sana."

Mama alikuwa akimtoa binti yake matope masikioni kwa ncha ya khanga.

Sasa sisi. Sisi tuna kompyuta gani ya kuisingizia? Mtu haonekani ibadani mwezi mzima, tunaulizana yuko wapi, mmoja anasema, "Nadhani nilimwona sokoni, au mtu kama yeye." Nasi tunatosheka! Mjane anatueleza shida yake, kabla hajamaliza tunasema ni kama ya fulani, tunampa jibu la fulani. Tunaombea watu tusiowajua, tunasema amina, tunakwenda kula.

Ningependa kuwaambia kwamba mwishoni Bwana aligeuza msiba ule kuwa furaha. Sivyo. Nakunda alizikwa. Nakundwa naye, mpaka leo hakuna mama aliyekuja kumchukua. Nimeutafuta usiku na mchana upande wa faraja katika habari hii, sijauona.

Lakini hapo kwenye benchi la akina mama kuna nafasi, na wote mnajua ni ya nani. Juma lililopita mliniambia hajambo. Nimeuliza tena leo, na hakuna hata mmoja wenu aliyefika kwake. Sitasimama mlangoni kuwapa mkono. Navua joho hili, naenda. Atakayenifuata na anifuate, ingawa naogopa, wapendwa, naogopa sana kwamba tumechelewa.